Kiondo Changu cha Kwanza, Jinzi Yangu ya Mwisho

Sikilizeni, leo nimedhalilika. Na si kudhalilika kwa kawaida, kama kumpungia mkono mtu ambaye hakuwa akikupungia wewe. Nimedhalilika nikiwa nimeketi vizuri kwenye kigoda, saa nne asubuhi, jua linawaka, mbele ya akina mama watano na mtu aliyekuja kunipa kazi. Ninaandika haya nikiwa nimejifunga leso. (Leso si yangu. Tutafika hapo.)

Kwanza mjue ni kazi gani. Tangu nihitimu ninakaa hapa Nairobi, mtaa wa Lucky Summer, kwa dada yangu, ninatuma maombi na kusubiri majibu. Shughuli yangu ya maana ni kumwandikia ujumbe jirani yetu wa nyumba ya chini, Mama Nduku. Yeye na wenzake wanasuka viondo vya mkonge pale uani, chini ya kamba za kuanikia nguo, na mteja wao mkubwa ni Bi Zuhura, mwanamke wa Pumwani mwenye duka mjini. Bi Zuhura akiuliza jambo kwa simu, Mama Nduku hunipa simu. "Mjibu vizuri, wewe si umesoma?" Nami hujibu. Naeleza upana, rangi, siku ya kumaliza, na sababu ya kuchelewa. Naeleza mpaka Mama Nduku ananinyang'anya simu.

Wiki mbili zilizopita Bi Zuhura akapiga, akataka kujua anayemwandikia ni nani. Nikapewa simu. Akasema amefungua chumba nyuma ya duka lake ambako wageni wanakuja kujifunza kusuka, na anatafuta mtu wa kuwafundisha. Awe anajua kueleza. Asiwe na haraka na watu. Halafu akauliza swali moja tu.

"Na wewe mwenyewe unasuka?"

Nikasema, "Ndiyo."

(Nilikuwa sijawahi kusuka kitu chochote maishani. Hata kamba za viatu huwa nazifunga mara tatu kwa wasiwasi.)

"Vizuri. Basi Jumamosi ya juma lijalo nitapita huko. Nataka nione kiondo kidogo ulichokisuka wewe tangu kitako, na mdomo wake uumalizie mbele yangu."

Nilipokata simu Mama Nduku alikuwa ananitazama kama anavyotazama maziwa yanayotaka kufurika.

"Wekesa. Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ndiyo."

"Haya. Kuanzia kesho unakaa hapa chini. Nitakufundisha. Lakini mimi sidanganyi Zuhura. Ukishindwa utamwambia mwenyewe kwa mdomo wako."

Basi nikakaa chini. Wiki mbili! Vidole viliniuma mpaka nikawa nashika kijiko kama mtoto. Nilianza kitako mara nne. Mara ya kwanza kilitoka kama sahani, ya pili kama kofia, ya tatu Mama Wairimu aliuliza kama ninamsukia kuku mahali pa kutagia. Huyu Mama Wairimu ni mwenzake Mama Nduku, na ana maoni kuhusu kila kitu. Kitako cha nne kikakaa. Kikapanda, mstari juu ya mstari, kikawa kiondo kidogo cha kutosha simu, funguo na kitambaa. Kigumu. Ukikikalisha mezani kinasimama chenyewe. Jana jioni nilikikalisha juu ya meza ya dada yangu nikakitazama kwa muda mrefu. (Dada akaniuliza kama nimeanza kukiombea.)

Kilibaki kumalizia mdomo. Mistari mitatu. Leo.

Nimeamka saa kumi na moja. Shida ya kwanza ilikuwa nguo. Nina suruali mbili za kutoka. Moja ni nyeusi, ya matanga na mahojiano. Nikaivaa, nikajitazama kwenye kioo, nikaona karani. Nani ataamini karani anasuka? Nikaivua. Ya pili ni jinzi ya kubana yenye tobo kubwa kwenye paja la kulia, upana wa kiganja, na nyuzi nyeupe zimevuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine kama ndevu za mbuzi. Nikaona msanii. Nikaivaa. Halafu nikawaza: je, akiona mvivu? Nikaivua. Halafu nikawaza: lakini mvivu hawezi kusuka kiondo, na kiondo kitakuwa mkononi mwangu, kwa hiyo kiondo kitaieleza suruali. Nikaivaa tena. Dada yangu akaamka akanikuta katikati ya nyumba nikiwa na mguu mmoja ndani.

"Unavaa au unavua?"

"Bado sijaamua."

Akarudi kulala.

Saa mbili na nusu nilikuwa uani. Akina mama walikuwa wameshakaa, kila mmoja na kiondo chake, na mkonge umetandazwa kwenye gunia.

"Woi!" akasema Mama Wairimu kabla sijasalimia. "Hiyo suruali imepigana na nani?"

"Ni fasheni, mama."

"Fasheni ya mtu aliyefukuzwa na mbwa. Na mbwa akashinda."

Wakacheka wote watano. Mimi pia nikacheka, ile ya mtu anayetaka kazi.

Sasa hapa nieleze jambo kidogo, maana ndilo lililoniponza. Kiondo kina nyuzi zinazosimama, kutoka kitakoni mpaka mdomoni, na kina uzi unaozunguka, ukizifunga zile zilizosimama moja baada ya moja. Uzi wa kuzunguka ukikaribia kuisha huufungi fundo. Fundo ni aibu. Unachukua mkonge mwingine kidogo, unaulaza pamoja na ile ncha iliyobaki, unalowesha kiganja, na unasokota vyote viwili juu ya paja mpaka vishikane, uwe uzi mmoja. Juu ya paja lenyewe, ngozi. Ndivyo walivyofundishwa na mama zao, na wao hupandisha sketi kidogo, wakasokota huku wakipiga soga, bila hata kutazama.

Wiki zote mbili mimi nimekuwa nikija na kaptura. Leo nina jinzi.

"Kunja hiyo suruali," Mama Nduku akasema.

Nikakunja. Ikafika chini ya goti ikagoma. Nikavuta. Ikagoma zaidi, na damu ikaanza kukataa kwenda kwenye vidole vya mguu.

"Si uende ukabadilishe?"

Nikatazama simu. Saa tatu kasoro. Nikawaza: nikipanda juu kubadilisha, nitaanza tena ile ya karani na msanii, na Bi Zuhura atanikuta bila suruali kabisa. (Eh, nayo akili yangu huona mbali, lakini haioni vizuri.)

"Basi chukua leso ujifunge, uivue," akasema Mama Wairimu, akanirushia yake ya njano.

Leso! Nikawaza tena. Kijana mzima, mbele ya mwajiri, na leso ya njano. Mtu apite langoni, apige picha, ifike hadi mtaa wa Baba Dogo kabla ya saa sita. Nikaikunja nikairudisha kwa heshima.

"Asante mama, nitasokotea hapa." Nikaonyesha tobo. Kwa kweli lilikuwa mahali penyewe! Ngozi ipo, paja lipo, upana unatosha. Nilijiona nimepata akili ambayo Mungu hawapi wengi.

Mama Nduku akalitazama tobo, akanitazama mimi, akasema tu, "Haya."

Nikaanza. Mstari wa kwanza wa mdomo ulienda vizuri. Uzi ulikuwa mrefu, hakukuwa na haja ya kusokota. Bi Zuhura alikuwa amesema saa nne, kwa hiyo nilipanga saa nne niwe nimebakisha mstari mmoja, ili niumalizie hapo hapo mbele yake, aone umahiri. Nilipanga hata maneno. "Karibu Bi Zuhura, umenikuta pazuri." Nikayakariri. Nikabadilisha "pazuri" ikawa "mahali pazuri". Nikarudisha ikawa "pazuri".

Saa tatu na nusu lango likagongwa.

"Ni yeye," Mama Nduku akasema, akainuka. "Amewahi."

Amewahi! Nusu saa nzima! Watu wa Nairobi hawawahi! Hakuna mtu aliyewahi kuwahi Lucky Summer! Nikatazama kiondo: mistari miwili bado. Nikatazama uzi: umeisha. Ncha tupu, ndogo kama mkia wa panya.

Nikanyakua mkonge, mweupe, usiotiwa rangi, nikaulaza juu ya tobo, nikalowesha kiganja, nikasokota. Ukashikana. Nikasokota tena kwa nguvu, maana nilimsikia Bi Zuhura akisalimiana langoni, Kiswahili chake kile cha Pumwani kilichonyooka, nami nikaanza kuogopa sarufi yangu. Nikaongeza mkonge. Nikasokota. Nikaongeza. Macho yangu yalikuwa langoni, kiganja kinafanya kazi peke yake kama cha Mama Wairimu. Nikakumbuka alivyoniambia siku ya kwanza: mtu akijua kusokota hatazami. Nikajisikia fahari kidogo.

Bi Zuhura akaingia uani. Mama mfupi, buibui, miwani, mkoba wa ngozi. Nilitaka kusimama nimsalimie, akanizuia kwa mkono.

"Usisimame, mwanangu. Endelea. Nimekuja kuona kazi, sikuja kuona urefu wako."

Akavuta kigoda akakaa mbele yangu. Yale maneno yangu ya "pazuri" yote yakapotea. Nikasema, "Karibu uone mdomo." (Ndiyo. Hivyo. Nikafumbua na wangu.)

Akacheka kidogo. Nikaanza kusuka, na jamani, nilisuka! Nilimweleza kila kitu. Kwa nini mdomo hubanwa kuliko tumbo. Kwa nini mkonge uwe na unyevu lakini usilowe chapachapa. Jinsi ya kujua umeruka uzi mmoja: kidole gumba hukuambia kabla ya jicho. Akauliza maswali, nikajibu. Akaniambia nimweleze kama yeye ni mgeni ambaye hajawahi kuona kiondo, nikamweleza polepole, nikamshika hata kidole nikamwonyesha anapobana. Akina mama walikuwa wameacha kusuka, wananisikiliza. Hata Mama Wairimu! Nikaona kwa jicho la pembeni Mama Nduku anatabasamu.

Uzi ulikuwa unanivuta kidogo kila nikizungusha kiondo. Niliuhisi. Nikajiambia ni vizuri, uzi unaovuta ni uzi uliobana. Kiondo kikawa kinazidi kusogea tumboni, kinapanda pajani, mpaka mstari wa mwisho nikawa ninasuka nimeinama kama mtu anayenong'oneza goti lake.

"Huwa unainama hivyo?" Bi Zuhura akauliza.

"Ni kwa ajili ya macho," nikasema. (Macho yangu hayana shida yoyote.)

Nikafunga mstari wa mwisho. Nikapenyeza ncha ndani, nikabana. Kiondo kimekwisha! Cha kwanza maishani mwangu!

"Hebu nikione kwenye mwanga," akasema, akasimama na kunyoosha mikono.

Nami nikasimama, nikakishika kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka, nikanyoosha.

Kiondo kikafika nusu ya njia kikasimama.

Nikanyoosha zaidi. Paja langu la kulia likaja nacho.

Nikatazama chini. Zile nyuzi nyeupe za tobo hazikuwepo tena. Zilikuwa ndani ya kiondo. Zimesokotwa, zimezungushwa, zimebanwa, mstari na nusu. Mdomo wa kiondo na ukingo wa tobo vilikuwa kitu kimoja. Nilikuwa nimeisuka suruali yangu, nikiwa ndani yake, huku ninaeleza jinsi ya kuepuka makosa.

Mtu mwenye akili timamu angesema, "Samahani, kuna tatizo dogo." Mimi nilitabasamu nikarudi kukaa.

"Mbona unakaa?"

"Nakiaga kwanza."

"Unakiaga?"

"Ni cha kwanza cha... cha leo."

Akadhani ni haya ya kijana. "Usiogope, mimi si mkali. Nipe," akasema. Akainama akakishika, akavuta. Nami nikakishika nikavuta. Akavuta. Nikavuta. Sasa akaonekana kufurahi, maana wanunuzi wa viondo ndivyo hupima uimara, huvuta.

"Maashallah, ni kigumu!" akasema. "Hebu kiachilie nikipime vizuri."

"Bi Zuhura, tafadhali..."

Akaweka mguu mbele, akashika kwa mikono yote miwili, akavuta kwa nguvu za mtu aliyepima viondo maisha yake yote, akaniinua kigodani.

Kiondo hakikuachia hata uzi mmoja. Nataka hilo lijulikane.

Jinzi ndiyo iliyoachia. Ilipasuka kutoka kwenye tobo kwenda juu, ikapita mfukoni, ikakata kona, ikashuka nyuma. Sauti yake ilikuwa ndefu. Iliendelea hata baada ya mimi kuamini imekwisha. Bi Zuhura akarudi nyuma hatua tatu akiwa na kiondo mkononi, na kwenye mdomo wa kiondo kumening'inia kipande cha suruali yangu pamoja na mfuko, na kutoka mfukoni ikaanguka nauli yangu ya wiki nzima kwa sarafu.

Upepo ukapita. Nilijua umepita kwa sababu niliusikia mahali ambapo mtu hatakiwi kusikia upepo.

Boksa yangu ina picha za ndizi. Nilipewa na dada yangu Krismasi. Sitasema zaidi.

Aliyeanza ni Mama Wairimu. Hakucheka kwanza, alipiga kigelegele, kama harusini. Kisha wakaanguka wote kwa kicheko. Mama mmoja alilala juu ya mkonge. Mwingine akawa anaomba maji. Mimi nimesimama, mikono miwili haitoshi kuficha pande tatu.

"Leso!" Mama Nduku akapaza sauti, machozi yanamtoka. "Mpeni mtoto wa watu leso!"

Nikafungwa leso ya njano. Ilinizunguka mara mbili. Bado kulikuwa na uzi mmoja mrefu kutoka kwenye kile kipande mpaka kwenye mguu wa suruali uliobaki, kwa hiyo mimi na kiondo na Bi Zuhura tulikuwa bado tumeunganishwa. Nikaomba mkasi.

"Unataka kukata nini?" Mama Nduku akauliza.

"Hapa, kwenye kiondo, tuitoe hii nguo."

Kicheko kikakatika kama redio imezimwa.

"Kiondo hakikatwi," akasema.

"Lakini mama..."

"Ukikata uzi mmoja wa mdomo kinafunguka chote. Wiki mbili nimekufundisha nini? Kata suruali."

Na akaikata yeye mwenyewe, pale pale, karibu na goti, kama anayemkata kuku kucha. Kipande cha jinzi kikabaki kimesukwa kwenye kiondo. Kimekaa imara, hakitatoka milele.

Bi Zuhura alikuwa amevua miwani anafuta macho. Akaivaa. Akakigeuza kiondo, akatazama kitako, akaingiza ngumi ndani, akapitisha kidole gumba kwenye mistari yote. Mimi nilikuwa nimesimama na leso yangu, ninahesabu sentensi za kujitetea. Nilikuwa nazo tano. Moja ilihusu aina ya pamba.

"Wekesa," akasema. "Umejifunza kusuka lini?"

Nikafungua mdomo nichague sentensi. Nikaziacha zote tano. Mtu akishasimama na ndizi zake nje mbele ya watu, hana tena cha kuficha.

"Wiki mbili. Uliponiuliza nilikuwa sijui hata kitako kinaanzia wapi. Nilikudanganya. Mama Nduku ndiye aliyenifundisha, na hakutaka uongo. Samahani."

Akamgeukia Mama Nduku. Mama Nduku akatikisa kichwa kukubali.

"Wiki mbili," Bi Zuhura akasema. Akakipapasa tena kiondo. "Uongo sipendi. Ungeniambia bado hujui, ningekungoja." Mimi nikaanza kuitoa kazi moyoni, polepole, kama mwiba. Kisha akaniuliza, "Wageni wangu huwa wanavaa nini?"

"Sijui, Bi."

"Wanavaa hizi. Hizi hizi za matobo, wote. Na mimi nilikuwa sijui kwamba jambo hili linawezekana." Akaanza kucheka tena, mabega yanatikisika. "Hakuna mwingine Nairobi nzima atakayewaonya kama wewe. Njoo Jumatatu. Wiki moja ya majaribio, tuone. Ukinidanganya tena, hata nikikuuliza tu ni saa ngapi, unarudi kwa dada yako."

"Na kiondo?" nikauliza.

"Hiki nakichukua. Nitakitundika ukutani mwa darasa."

Akaondoka nacho, na mfuko wangu umo. Mama Wairimu amegoma kuchukua leso yake mpaka niizoee. Dada yangu ameshasimuliwa na watu wanne, kila mmoja ameongeza ndizi.

Kwa hiyo nawaomba. Anayetaka kucheka acheke leo, na kesho baada ya kanisa. Jumatatu mimi ni mwalimu.